Theluji kwa Wasiojua, Yaani Nyinyi Nyote

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na vijana mliofuata harufu ya pilau: karibuni Buffalo, na poleni na baridi.

Kujitambulisha ni desturi tu, maana jua halimulikwi kwa taa. Mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Theluji wa Waswahili wa mji huu. Cheo hiki nilipewa na kamati ya mtu mmoja, nami nikakipokea kwa unyenyekevu mkubwa. Shahada sina. Shahada ni karatasi, na karatasi ikikutana na theluji huloa. Nilicho nacho ni majira manne ya baridi, koti moja, na macho haya yaliyofunguka Pangani, ambako kitu cheupe kikianguka kutoka juu, basi kunguru amepita.

Mgeni yeyote akifika hapa huniambia: "Kadiri unavyokwenda kaskazini, ndivyo theluji inavyozidi." Namhurumia. Toronto iko kaskazini kuliko Syracuse. Hata hivyo, kwa mwaka Toronto hupata theluji ya mita moja na ushei, na Syracuse hupata karibu mita 3. Kwa nini? Mwenyekiti, niazime kikombe chako cha chai. Usiogope, nitakirudisha.

Tazameni. Hili ni Ziwa Ontario mwezi wa Novemba: limetunza joto la kiangazi, mvuke unapanda. Mimi ni upepo mkavu wa baridi kutoka Kanada. Napuliza hivi... Mnaona? Miwani ya Mwenyekiti imeingia ukungu, na pua yangu haina hata tone. Mimi ni Toronto, Mwenyekiti ni Syracuse. Mabaharia wa kwetu walishamaliza somo hili zamani: kuna goshini, upepo unakotoka, na kuna demani, unakokwenda. Upepo ukivuka maji unabeba joto na unyevu, unapanda, unakuwa wingu, na ukifika nchi kavu unautua mzigo juu ya aliyekaa demani. Samahani, Mwenyekiti. Futa tu kwa kanzu.

Sasa tuje nyumbani. Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388 hivi, nalo limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na huku mwisho, kwenye ncha kabisa, ndiko sisi tulikoamua kupanga nyumba. Upepo ukilifuata ziwa kwa urefu wake ni kama mlevi anayeingia kila kilabu njiani. Anatapika wapi? Mlangoni kwa nyumba ya mwisho.

Na hatapiki kwa haki. Wingu hilo hujipanga kama mkanda mwembamba. Novemba 2014, vitongoji vya kusini mwa mji vilifukiwa na zaidi ya mita moja na nusu kwa siku chache tu. Watu wa kaskazini mwa mji uleule walipata sentimita chache, wakatoka nje na simu zao kupiga picha ule ukuta mweupe uliosimama juu ya jirani zao.

Kuna mama wa Uvira kule nyuma amenyoosha mkono. "Papa Profesa, wewe unakaa upande gani?" Mama, swali lako ni zuri sana, ndiyo maana sitalijibu sasa.

Niendelee. Erie ni ziwa la kina kifupi, wastani wa mita 19 tu, kwa hiyo baridi ikikaza huganda mapema. Likiganda, sufuria imefunikwa: mvuke hautoki, theluji inapungua. Mkisikia ziwa limeganda, pigeni vigelegele. Ongezeni mwinuko, mambo yanaharibika tena. Mashariki ya Ziwa Ontario kuna nyanda za juu ziitwazo Tug Hill. Wingu lililoshiba maji linalazimishwa kupanda mlima, linamwaga yote, na huko theluji hupita mita 5 kwa mwaka. Msishangae. Kilimanjaro nayo hunyeshewa vizuri upande wa kusini, na kaskazini kukabaki kukavu.

Tumalizie na baridi ya usiku, ambayo haifanani kabisa na theluji. Usiku ukiwa shwari, bila wingu la kufunika wala upepo wa kukoroga, ardhi yenye theluji hupoteza joto lake lote angani. Hewa iliyoigusa hupoa, huwa nzito, na huteremka kama maji hadi bondeni, ikatuama. Wakulima wa chai wa Limuru wanalijua hili bila kufundishwa: sakitu huanza kuunguza mashamba ya bondeni. Ndiyo maana Old Forge, kamji kalikojificha kwenye mabonde ya Adirondack, kalipimwa karibu nyuzi 47 chini ya sifuri tarehe 18 Februari 1979, wakati Buffalo, kando ya maji, haijawahi kufika hata 30. Ziwa linalotuzika ndilo linalotupa blanketi.

Basi, ndugu zangu, kabla hujatia sahihi mkataba wa nyumba, acha kuuliza bei peke yake. Uliza maswali matatu: ziwa liko wapi, upepo unatoka wapi, na nyumba iko mwinukoni au bondeni?

Sasa nimjibu mama wa Uvira. Nakaa kusini, mama. Bondeni. Kodi ilikuwa rahisi. Gari langu liko chini ya theluji tangu Jumanne, na leo nimeletwa na kijana wa kaskazini aliyekuja na viatu vya wazi. Wenye koleo tafadhali wabaki.