Sifa za Stovu Isiyotaka Kuwaka

Majiko ya zama zetu yametiishwa mno hata hayana tena staha: la gesi hugeuzwa kitufe likatii, la umeme hubonyezwa likaona haya likawa jekundu, na la mkaa humridhia kila mwenye kipepeo, bali stovu ya pampu, ile ya shaba inywayo mafuta ya taa, ambayo katika nyumba za Lushoto aghalabu imesahauliwa juu ya kabati, haimtumikii mtu kabla hajaipigia magoti, na kwa sababu hiyo naiona ni adhimu kuliko zote.

Nasaba yake si ya kubezwa. Ilitoka Stockholm, kwa ufundi wa Frans Wilhelm Lindqvist, ikaingia sokoni mwaka 1892 kwa jina la Primus. Ikafuatana na Amundsen hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911, na mwaka 1953 ikayeyusha theluji ya Everest kwa ajili ya chai ya Hillary na Tenzing. Mwenye safari kama hizo, akipanda Usambara kutoka Mombo kwa njia ya Soni, atakubalije kuwashwa kwa kijiti kimoja cha kiberiti? Kwanza hudai spiriti katika kikombe chake, na mwezi wa Julai, ukungu ushukapo kutoka Magamba, hudai maradufu. Ajizuie anayeharakisha; maana apigaye pampu kabla mabomba ya kichwa hayajapata moto hutunukiwa mwali wa manjano ufikao darini, pamoja na masizi ya kutosha sufuria zote za mtaa, akajua tangu saa ile kwamba kinachowaka humo si mafuta bali ni mvuke wake.

Huilaumu wengine kwamba maharage yake hayaivi. Hii ni dhuluma tupu: Lushoto iko kiasi cha mita 1400 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga mjini. Mshitakiwa wa haki ni mlima. Wengine hulalamika kwamba inanguruma. Naam, na katika nyumba ambamo mawifi wawili hupika jikoni pamoja, ngurumo hiyo ni rehema.

Lakini fadhila yake kuu ni kwamba haifichi maradhi. Mpini wa pampu ukienda na kurudi bila ubishi wowote, washa ya ngozi imekauka, nayo huloweshwa mafuta ya nyonyo hadi ilainike na kutanuka. Mpini ukijisukuma nje wenyewe, na mafuta yakapanda ndani ya pampu, valvu ya chini haizuii. Hewa ikitoroka usijue inakopitia, povu la sabuni litakuonyesha penye kiungo, na pale chini ya kichwa huenda ikahitajiwa washa mpya ya risasi, au fundi wa kulehemu ikiwa tangi lenyewe limepasuka. Mwali ukiwa mwembamba, ukaegemea upande, tundu la mvuke limeziba. Lizibue kwa sindano yake nyembamba, wala usithubutu kutumia pini ya nguo, kwa maana tundu likipanuka moto utabaki wa manjano hata ubadilishe kila kitu kingine. Ni nani miongoni mwa majirani zetu asemaye dhahiri namna hii yanayomsibu?

Basi, ewe uliyerithi stovu ya namna hii, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu akaipima kwa uzani wa shaba. Isugue kwa limau na majivu, usiitie petroli kamwe, fungua dirisha uiwashapo, na legeza skrubu ya hewa kabla hujaigusa kichwa. Ile washa ya ngozi iloweshe usiku huu. Na kesho isipowaka, iloweshe tena.