Kabati Lisilo na Kioo

Nani alituroga sisi watu wa bonde hili, hata kila kabati likawa lazima liwe na kioo? Nenda Ifakara, pita kwa mafundi seremala wote. Utakuta makabati ya kila kimo, na yote yana kazi moja: kumwonyesha mgeni chupa ya chai ambayo haijawahi kutiwa chai, na seti ya glasi ambazo hata mwenye nyumba haruhusiwi kuzinywea. Mimi nataka kabati la kuficha. Halipo.

Ninachotaka kuficha ni uyoga. Uyoga mamama, ule unaooteshwa kwenye mabua ya mpunga, na mabua kwetu Mchombe hayana bei, tukishavuna tunayachoma. Unayakatakata, unayachemsha kwenye pipa, yakipoa unayashindilia kwenye mfuko wa nailoni, tabaka la mabua, tabaka la mbegu. Mfuko unakaa gizani kama wiki tatu hadi uwe mweupe wote, kisha unautoboa na kuunyunyizia maji. Kibanda cha udongo uani kingetosha, najua. Lakini kibanda uani ni kualika mashemeji, balozi na mama wa nyumba ya pili, kila asubuhi: "Umeshaota?" Ukiota, wanaonja mpaka mfuko unabaki mtupu. Usipoota, ni kicheko hadi masika. Kwa hiyo ndani ya nyumba, ndani ya kabati, kimya kimya.

Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga yake vizuri. "Baba watoto, uyoga unaota bure porini mvua zikianza. Nguo zangu zinaning'inia kwenye kamba tangu nimeolewa. Na kabati unanunuliwa uyoga?"

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake, nikahamia kwenye mbao.

Makabati ya kisasa ya unga wa mbao uliogandishwa, yanayokuja na lori kutoka Dar, ni mepesi na bei yake inaongeleka. Ila uyoga unataka unyevu mchana na usiku, na mbao zile zikinusa maji tu zinaumuka kama andazi, mlango haufungi tena. Kabati la chuma la ofisini haliogopi maji, lakini kwa joto letu la Novemba hiyo ni oveni, na uyoga nataka kuuvuna kabla haujaiva. Mninga ni wa wenye pesa. Ukabaki mtiki, mti uliopandwa kwa wingi humu bondeni tangu miaka ya 1990. Maji hauyajali, mchwa wanaukwepa.

Nikamtajia fundi vipimo. Lisiwe na kioo. Liwe na kufuli. Matundu ya hewa nyuma, juu na chini, yawekwe wavu wa kuzuia inzi. Rafu ziwe za chaga, maji yachuruzike. Ndani lisipakwe vanishi. Akawa anaandika kwenye kipande cha ubao. Alipofika kwenye matundu, penseli ikasimama. Akachungulia nje.

"Mzee wangu, mimi nina watoto. Majani sitaki."

Majani! Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ninaijua, anayelima bangi kifungo chake kinafika miaka 30, na katika umri wangu hiyo miaka 30 siwezi hata kuimaliza. Nikamweleza habari ya uyoga. Akanitazama kwa huruma, kwa jinsi uongo wenyewe ulivyokuwa dhaifu. Hapo hapo Ifakara, Taasisi ya Afya inafuga mbu ndani ya majengo, wananyweshwa maji ya sukari kama wagonjwa, na hakuna anayeshtuka, maana ni utafiti. Mtu wa Mchombe akitaka kuotesha mboga gizani, ni jambazi.

Mwishowe alikubali. Akataja bei, nikashtuka. Kabati la vioo la kimo hicho hicho lilikuwa rahisi zaidi.

"Bei ya kabati ni ile ile, mzee wangu. Hiyo nyongeza ni ya kunyamaza."

Nikalipa. Sijafika hata stendi, simu ikaita, shemeji kutoka Mngeta.

"Shemeji, hongera bwana. Nasikia unafuga kuku kabatini. Mimi niandikie trei mbili."