Aliyepigiwa Ndiye Anayelipa

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Congo, na nyingi hutoka hapa kwetu Lualaba. Mtaani Kasulo, mjini Kolwezi, watu waliitafuta hadi uani na chini ya vyumba vya kulala. Unga wake hupakiwa kwenye malori, hupita mpaka wa Kasumbalesa hadi bandari ya Durban au Dar es Salaam, hupanda meli kwenda China, husafishwa huko, kisha huturudia ndani ya betri ya simu tunayouziwa kwa dola. Ndiyo maana nilipopanda ndege Lubumbashi kwenda Guangzhou kutafuta vipuri, nilitegemea simu yangu ipokelewe kama mtoto aliyekwenda kusalimia wajomba.

Wajomba hawakufungua mlango. Kwenye Wi-Fi ya hoteli WhatsApp ilizunguka tu, maana serikali ya China imeifunga tangu 2017, na Google nayo haifunguki. Cha ajabu, nikizima Wi-Fi na kutumia laini yangu ya Congo, meseji zote zinaingia, kwa sababu data ya laini ya kigeni hupitishwa kwanza kwenye mtandao wa kwao. Lakini mega zinavyoliwa! Shemeji alituma video ya harusi ya binamu. Bibi harusi hajafika hata mlangoni, salio limekwisha.

Hilo bado si kitu. Kolwezi tumekua na sheria moja: anayepiga ndiye anayelipa, na asiye na unité, yaani salio, anabipu. Ukiwa ugenini na laini ya nyumbani, anayepokea naye analipa, dakika kwa dakika. Sasa mweleze mama mkubwa jambo hilo.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyepiga. Unité ni zangu, ongea bila wasiwasi!"

Akaanza salamu, na salamu zetu hazina haraka: watoto, wakwe, mguu wake wa kushoto, umeme uliokatika tangu juzi. Nikimwambia kwamba nalipa mimi, anasema China wamenifundisha ubahili. Alipofika kwenye kesi ya mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye bustani yake ya lengalenga, unité zangu zikaisha. Jioni familia nzima ilikuwa imepata habari kwamba nimemkatia simu kwa sababu ya majivuno ya Ulaya. (Kwake kila nchi yenye ghorofa nyingi ni Ulaya.)

Tena China iko saa sita mbele yetu. Ndugu akimaliza kula bukari yake saa tatu usiku na kukumbuka kwamba ana mtu ng'ambo, kwangu ni saa tisa usiku, naye anashangaa kwa nini sauti yangu imelegea.

Basi nikanunua laini ya huko, baada ya kuonyesha pasipoti na kupigwa picha ya uso kama mtuhumiwa. Ile ya Congo nikaifunga kwenye karatasi na kuiweka ndani ya Agano Jipya. Mchana nikasimama mbele ya muuza tambi, mzee asiye na hata kisanduku cha chenji. Wateja wake wote wanaskani mchoro uliobandikwa ukutani. Nami nikaskani. Programu ya malipo ikaniarifu kwamba imetuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba yangu inayoanza na +243. Namba hiyo ilikuwa hotelini, inasoma Waraka kwa Wakorintho. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akainua simu, ikalia mara moja, akaondoka na bakuli nililokwisha kulitia pilipili.

Mwezi ujao nasafiri tena. Ndugu zangu wa Dilala na Manika hapa Kolwezi, nanyi hasa mama mkubwa, nawaomba: tumeni ujumbe mfupi, ule wa zamani usiohitaji intaneti, kwa kuwa kuupokea ugenini kwa kawaida ni bure. Kesi ya mbuzi nitaisikiliza nikirudi. Kama kuna msiba, andikeni kwa maneno machache, na iwe kabla ya saa kumi jioni.