Breka Mpya, Nyaya za Kale

Nyumba yetu ya Ukunda ilijengwa wakati stima ilikuwa ya taa, redio na pasi. Kisha mama mkwe akanunua friza la samaki wake wa biashara, likakaa gereji. Shemeji akaleta mashine ya kuchomelea mageti, gereji hiyo hiyo. Kusi lilipoanza kuvuma, watoto nao wakadai shawa ya moto. Vyote vikachota breka moja. Shemeji akigusa chuma tu, giza: huku mama mkwe anawalilia samaki, huku mtoto ana povu machoni.

Kikao kikaitishwa. Mume wangu akaandika ukutani kwa chaki: volti 240 mara ampia 20, wati 4,800, shawa peke yake yataka zaidi ya 5,000.

"Hesabu haigandishi changu," mama mkwe akamjibu.

Shemeji akatuletea fundi wa maskani. Huyo nyaya hakuzitazama: alichomoa breka ya 20, akatia ya 60, akala mahamri, akapokea chake, akaondoka na sifa. Jioni shemeji akachomelea geti, mtoto akaoga, friza likanguruma, na stima haikukatika. Kilichokatika ni maneno, pale moshi ulipoanza kutoka darini. Mama mkwe ndiye aliyewahi meinswichi, akaizima kwa mpini wa mwiko, huku akimwita shemeji majina ambayo hakupewa siku ya akika.

Fundi wa pili alikuja na leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Akatueleza kwamba breka kazi yake ni kulinda waya; waya wa milimita mraba 2.5 ukibebeshwa mzigo wa breka ya 60 huyeyuka kabla breka haijashtuka. Kisanduku kilipofunguliwa, shaba ilikuwa kijani kwa chumvi ya bahari. Akaweka kisanduku kikubwa, akavuta nyaya nene, kila mashine na njia yake, pamoja na breka inayokata stima ikivuja miliampia 30. Erthi akaipigilia chini zaidi, maana mchanga mkavu wa pwani haupokei stima vizuri. Mita hakuigusa, hiyo huombewa kwa kampuni ya stima.

Samaki walioharibika shemeji aliwazika mwenyewe. Nawe fundi akikuongezea breka bila kuuliza habari ya waya, mpe nauli arudi kwao.