Mwezi Umeandama Juu ya Jicho

Juzi nilimpigia mjomba wa Malindi simu ya video. Kabla ya shikamoo kufika mwisho, alisogeza uso karibu na kioo, akakaza macho, kisha akageuka kuwaita waliokuwa barazani: "Njooni muone! Mwezi umeandama Marekani, na huku hatujafika hata Rajabu!" Wakaja wote. Shangazi, binamu, mtoto wa jirani aliyekuwa ametumwa chumvi. Wakautazama mwezi wangu, mwembamba, uliopinda vizuri kabisa, nyuzi sita za mshono juu ya nyusi ya kulia, nao wakacheka mpaka simu ikaanguka nikabaki naangalia dari.

Si mkwaruzo wa ajali ya kawaida huo. Ni mhuri. Huku Wisconsin kila mtu anausoma kama anwani. Muuguzi aliyenishona hakuuliza nimeumiaje. Aliuliza: "Bunduki ya ukubwa gani?" Nilipomtajia, akatikisa kichwa kwa huruma, kama niliyemwambia nimefiwa, halafu akatoka nje ya pazia na nikamsikia akicheka na mwenzake.

Yote yalianza baba mkwe aliponialika kuwinda kulungu shambani kwake. Nasema kulungu kwa kukosa jina. Mnyama mwenyewe ana pembe zenye matawi, anazidondosha kila mwaka kama mbuyu unavyopukutisha majani, na kusini mwa Sahara hayupo wa asili hata mmoja. Wafasiri wa Biblia walimwita ayala, lakini ukimwambia mjomba umekwenda kupiga ayala atadhani umebadili dini. Basi kulungu. Shamba la mzee nusu yake ni uwanda wa mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nusu ni msitu wa mialoni, na agizo lake lilikuwa fupi: "Tafuta bunduki moja, ikufae msituni na ikufae uwandani."

Mtu wa Kenya anajua nini kuhusu agizo hilo? Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Bunduki ni kitu cha askari aliyelala mlangoni mwa benki. Nilisoma kozi ya usalama ambayo sheria ya hapa inamdai kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia 1973, nikafaulu, nikaingia dukani nikiwa na cheti mfukoni na ujinga kichwani.

Muuzaji alikuwa bwana mkarimu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake ukuta mzima wa bunduki, na kila moja ina namba. Hapo ndipo nilipopotea, maana namba zenyewe zinamvutia mtu kama mizungu ya ngoma. Chukua .30-06. Ile 30 ni upana wa tundu la mtutu, sehemu za mia za inchi. 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Nikasema sawa, nimeelewa. Jirani yake ni .30-30, ya mwaka 1895. Kumbe hiyo 30 ya pili si mwaka! Ni uzito wa baruti, greni 30, na greni ni kipimo cha wazee wa kale waliopimia punje ya shayiri. Kisha .308, ya 1952, ambayo ni upana kamili wa risasi kwa sehemu za elfu za inchi. Lakini ukichukua rula ukapima risasi ya zile mbili za kwanza, nazo ni .308. Kisha .270, ya 1925, ambayo risasi yake ukiipima ni .277. Ni kama duka la viatu ambamo saba ni urefu wa mguu, nane ni mwaka fundi alipooa, tisa ni uzito wa gundi, na kumi ni tisa.

Nilimwambia muuzaji: msitu na uwanda. Angekuwa ndugu yangu angenipa .308 ya komeo, au .243 ambayo teke lake ni kama nusu ya lile la .30-06, na darubini ndogo ya kukuza mara mbili hadi saba, tukaagana. Badala yake aliinamia kaunta akaniuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulijibu kwa akili: "Je, akisimama yadi 400?"

Yadi 400! Nilimwona kulungu huyo palepale, kwenye upeo wa shamba, jua linazama nyuma ya pembe zake. Sikukumbuka kwamba shamba la mzee lote, kona hadi kona, halifiki yadi 300. Nikajaza fomu ya serikali, nikasubiri jina langu lichunguzwe, nikatoka na .300 Winchester Magnum iliyofungwa darubini ya kukuza mara sita hadi 24, ndefu kama mchi. Muuzaji aliifunga kwa mikono yake. Baba mkwe ana .30-30 ya mkono wa chuma chini, ya kushusha na kupandisha, rangi imeitoka kwenye mtutu kama sufuria ya shughuli. Nilimwonea huruma.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu nililisoma usiku tatu na bado linanifurahisha hata kwa jicho moja. Watu hudhani risasi huenda moja kwa moja. Risasi huanza kuanguka sekunde ileile inapotoka mtutuni, kama embe lililokatika kikonyo. Kinachofanyika ni kwamba mtutu umeinuliwa kidogo mno kuliko darubini inavyotazama, kama fundi wa chini anavyomrushia wa juu tofali: halengi mikono yake, analenga juu yake kidogo. Risasi hutoka inchi moja na nusu hivi chini ya mstari wa jicho, ikaukata mstari huo ikipanda, ikapita juu yake, halafu ikarudi kuukata tena mbele huko, ikishuka. Mara mbili! Na kwa kuwa moyo na mapafu ya kulungu yamekaa penye upana wa sahani, inchi nane hivi, ukiiweka sawa .308 yako unaweza kulenga katikati ya sahani kuanzia mguuni pako mpaka yadi 250 bila hesabu yoyote, na utapata. Hiyo ndiyo siri yote ya bunduki ya msitu na uwanda. Sahani na tofali. Nililijua hili siku mbili baada ya kulipa.

Jambo la pili sikulisoma popote, lilinisomea lenyewe. Risasi yangu ina gramu 12 kasoro kidogo, na baruti nyuma yake gramu nne na nusu. Jumla ni vijiko vinne vya sukari, sukari ya kikombe kimoja cha chai ya Mombasa. Lakini sukari hiyo ikitoka kwa mita 900 kwa sekunde, bunduki ya kilo tatu na nusu nayo lazima irudi nyuma, na hurudi kwa zaidi ya mita nne kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbilia matatu. Juu ya bunduki hiyo kuna darubini. Nyuma ya darubini kuna pete ya chuma. Nyuma ya pete hiyo kunatakiwa kuwe na nafasi ya inchi tatu na nusu, halafu ndipo pawe na uso.

Jumamosi tuliweka meza pembeni mwa shamba, mifuko ya mchanga juu yake, karatasi ya shabaha yadi 100. Baba mkwe aliitazama darubini akasema, "Mbona imekaa nyuma hivyo?" Nikamjibu kwamba ilifungwa na mtaalamu. Nikakaa. Nikazungusha pete mpaka 24, maana nimelipia zote. Ukikuza hivyo, picha huwa giza pembeni, na kichwa chenyewe, bila ruhusa yako, husogea mbele kuitafuta nuru. Kikasogea. Nikabana kitako cha bunduki begani jinsi mtu anavyombeba mtoto asiye wake, kwa adabu na kwa mbali. Nikafyatua.

Sikusikia mlio. Niliona nyeupe, kisha mbingu, kisha soksi zangu. Kitu cha moto kikashuka kwenye shavu nikadhani ni jasho.

Halafu ikaja sehemu ambayo sijamsimulia mjomba. Mimi nimelelewa kwamba mbele ya mkwe hupigi miayo, huvui kofia ovyo, huombi hata chumvi mara mbili. Nikawa nimelala chali kwenye mabua ya mahindi, mguu mmoja umening'inia kwenye benchi, na baba wa mke wangu amenipigia magoti, ameniwekea leso yake usoni, leso aliyokuwa amepengea kamasi asubuhi, akiniuliza: "Kijana, leo siku gani?" Nikamjibu shikamoo.

Karatasi tuliikagua baadaye. Haikuwa na tundu.

Nilikataa kupelekwa hospitali, nikaendesha mwenyewe. Bunduki kwenye buti, haina risasi, kama sheria inavyotaka. Magharibi ilikuwa inaingia, na maili ya pili gari la polisi likaja nyuma yangu likatulia. Mwafrika, damu usoni, bunduki garini. Nilianza kuipanga sentensi yangu, neno kwa neno, lipi litangulie, mikono ikae wapi, leso niitoe au niiache. Baba mkwe huiacha bunduki yake nyuma ya kiti cha pikapu akaenda kunywa kahawa, na polisi humwita kwa jina wakamuuliza kama amepata kitu. Cheti tulichonacho ni kile kile, na fomu aliyojaza ndiyo niliyojaza. Gari lile lilinifuata maili tano likakata kona. Halikunifanya lolote. Mimi bado naijua ile sentensi kwa moyo.

Msimu wenyewe ni siku tisa, unaanza Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Alfajiri ya kwanza, msituni, alikuja kulungu hatua thelathini kutoka kwangu. Kwa darubini iliyopunguzwa mpaka mwisho niliona manyoya ya kahawia tu, kulia manyoya, kushoto manyoya, nikabaki kumtafuta mwenye nayo. Mzee alimpiga mwingine kwa .30-30 yake, bila darubini yoyote. Akanieleza kwamba risasi nzito ya taratibu hupenya vichaka bila kupinda. Si kweli, risasi zote hupindishwa na kijiti, lakini mkwe hasahihishwi akiwa amebeba nyama. Jumatatu alisimama mmoja uwandani, yadi 180, ubavu wazi, mwafaka kabisa kwa bunduki yangu. Nilifumba macho kabla ya kufyatua.

Jana nimeirudisha dukani, niwauzie wao. Muuzaji yule yule. Akanitazama kwanza usoni, ndipo akaitazama bunduki, akataja bei isiyofika hata nusu ya niliyolipa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema zinarudi nyingi. Kisha akavua kofia ajikune, na pale juu ya nyusi ya kulia, mweupe, wa siku nyingi, umepinda vizuri kabisa, nikauona mwezi wake.