Faridi wa Zebaki

Nilifukuzwa barazani wiki tatu kwa sababu ya hesabu ya kutoa. Sikugombana na mtu kwa siasa, sikukimbia deni la kahawa, wala sikumwaga kete za bao la mtu. Nilitoa mwaka mmoja katika mwaka mwingine, kwa sauti, mbele ya mgeni, na jibu likamwangukia Ami yangu.

Baraza lenyewe liko Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao ikipita vespa, sote tulioketi hukunja magoti. Muuza kahawa hufika na dele lake baada ya sala ya alasiri, na vikombe vikianza tu kugongana, wazee huanza muziki. Si kuupiga, kuubishania. Wapo wa Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoanza mwaka 1905, wanaoamini kwamba vyote vilivyokuja baadaye ni kelele za harusi. Wapo wa Culture, ambao huwajibu kwa kuhesabu safari za Ulaya. Yupo mmoja aliyeingia sinema za Kihindi ujanani mwake na hajatoka mpaka leo. Ukimtajia Kishore Kumar hukuuliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa jana, kama humjui Mohammed Rafi. Na yupo fundi cherehani ambaye dunia yake ilisimama tarehe 12 Oktoba 1989, siku aliyofariki Franco. Huyo mwambie kuwa Tabu Ley naye alijua kuimba, kisha nenda kachukue suruali yako uone kama miguu inalingana.

Mimi maradhi yangu ni mengine. Napenda Queen.

Mjomba wangu alikuwa baharia, na safari moja alirudi na kaseti ya Greatest Hits, mkusanyo uliotoka mwaka 1981, mwaka niliozaliwa mimi. Tuliisikiliza hata utepe ukawa unachomoza nje kama tambi, tukawa tunaurudisha kwa kuzungushia kalamu ya wino. Wimbo wa kwanza humo ni Bohemian Rhapsody, wa mwaka 1975, karibu dakika 6 nzima, na katikati yake wanaume wanarushiana maneno kama wanunuzi wa mnada wa samaki. Halafu ghafla, katika makelele hayo, linatoka neno moja ambalo mtoto wa Kiswahili hufundishwa alitamke kabla hajatia tonge mdomoni.

Bibi yangu alikuwa jikoni anakoroga uji. Alitoka na mwiko mkononi.

“Hebu rudisha hapo.”

Nikarudisha. Akasikiliza, akataka tena, na mara ya tatu akatikisa kichwa kwa kuridhika akasema mtoto huyo kalelewa na wazazi. Uji ukaungua, tukala mkate mkavu, lakini tangu siku hiyo kaseti yangu ikapata ruhusa ya kulia hata jioni. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwimbaji, Freddie Mercury, ni Parsi, wa dini ya Zoroaster. Nilimwambia tu kwamba kazaliwa hapa hapa Unguja. “Si ndiyo maana,” akasema, akaenda kukwangua sufuria.

Sasa mwaka juzi nikakutana na Mwingereza mmoja, mtu mzima wa umri wa kustaafu, kavaa fulana yenye sura ya Freddie Mercury, fulana iliyofuliwa mpaka sharubu zimebaki upande mmoja. Kasimama njia panda, mapapasi watatu wamemzunguka, na kila mmoja anamwonyesha nyumba nyingine aliyozaliwa Freddie. Binadamu huzaliwa mara moja, lakini kwetu akishakuwa maarufu huzaliwa kila penye mlango wa kupigia picha. Nikamwokoa, nikampeleka Shangani, Barabara ya Kenyatta, kwenye nyumba ambayo tangu mwaka 2019 ina makumbusho yake. Nilimngoja nje. Alipotoka macho yamemwiva, nikamwonea huruma, nikamwambia twende tukanywe kahawa.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa kukubali ukalimani. Mimi ni karani, Kiingereza changu ni cha ankara na stakabadhi. Nikitoka hapo, naogelea kwa kushika ukuta.

Wazee walimpokea vizuri. Akapewa kikombe, akapewa kashata, akaulizwa ana watoto wangapi na kwa nini wamemwacha asafiri peke yake. Kisha Ami akaelekeza kidole kwenye fulana, akauliza lile swali ambalo barazani kwetu hutangulia yote: “Huyu ni nani, na baba yake nani?”

Nikasema jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya serikali enzi za Mwingereza. Ami akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. “Bulsara... Bulsara... Na hilo jina jingine?”

Nikamgeukia mgeni. Akaeleza kwa kirefu, nadhani kulikuwa na sayari ndani yake, na miungu ya Warumi, lakini mimi nililishika neno moja tu, nikalitafsiri kama lilivyo kwenye kipimajoto.

“Anajiita Zebaki.”

Wazee wakatazamana. Fundi cherehani akasema labda ni kwa vile hashikiki. Yule wa sinema akasema ni jina zuri, kuliko Kishore. Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nilipokumbuka kwamba sayari ile sisi tunaiita Utaridi, lakini maji yalikwisha mwagika: Farrokh alikuwa keshageuka Faridi, na Faridi keshakuwa wa Zebaki.

Mgeni aliona watu wanachangamka, akadhani mazungumzo yamenoga, akahamia kwa mpiga gitaa wao, Brian May. Alisema gitaa lile la Brian May hakulinunua. Alilitengeneza mwenyewe na baba yake, angali kijana, na shingo yake ilichongwa kutoka kwenye mbao kuukuu zilizozungushiwa meko ya sebuleni. Sisi hatuwashi moto sebuleni isipokuwa nyumba inaungua, kwa hiyo kitu hicho sikuwa na jina lake.

“Gitaa lake,” nikasema, “kalitengeneza kwa kuni.”

Wakamtazama mgeni kwa huruma. Ami akauliza kama Uingereza nako mbao zilikuwa za mgawo.

“Na sasa huyo bwana anafanya kazi gani?”

Mgeni akasema bado anapiga muziki, lakini pia mwaka 2007 alipata shahada ya udaktari wa elimu ya nyota pale Imperial College London, baada ya kuiweka kando kwa miaka zaidi ya 30. Nikalifupisha: “Ni mnajimu.”

Kwa kamusi sikukosea. Mnajimu ni yule anayetazama nyota kwa darubini. Bahati mbaya ni yule yule pia anayefungua kitabu, akakuuliza jina la mama yako, kisha akakwambia nani kakuibia mbuzi, na barazani kwetu hapana aliyefikiria darubini. Muuza kahawa alikuwa kaibiwa baiskeli Jumatatu. Akatua dele chini, akasogea.

“Muulize anatoza kiasi gani.”

Mimi nami, kwa vile ulevi wa ukalimani ulikwisha nipanda kichwani, nikauliza. Mgeni akavuta pumzi ndefu, akasema tiketi za Queen siku hizi hazishikiki. Nikamwambia muuza kahawa kwamba ni ghali mno.

“Wote ndivyo walivyo,” akasema, akaliinua dele lake.

Hapo mgeni akatia mkono mfukoni akatoa sarafu ndogo ya Kiingereza, peni 6 ya zamani, waliyokwisha kuiondoa katika matumizi mwaka 1980. Brian May, akasema, hapigi nyuzi kwa kile kipande cha plastiki wanachotumia wengine, hupiga kwa hii. Ami ana udi wake nyumbani, alioununua ujanani na kuupiga vibaya kwa mapenzi makubwa. Akaichukua sarafu, akaipitisha ukucha ukingoni, kwenye vile vijino vyake.

“Udi hupigwa kwa risha,” akasema. “Risha ni unyoya. Chuma kitaua nyuzi.”

Mgeni akasema chuma ndicho kinacholeta ile sauti yenye makwaruzo. Ami akasema nyuzi si ndevu, hazitaki kukwaruzwa. Wakabishana dakika kumi, mmoja kwa Kiingereza na mmoja kwa Kiswahili, wakionyeshana kwa vidole juu ya gitaa lisilokuwepo na udi usiokuwepo, na wakaelewana vizuri kabisa bila mimi. Siwezi kusema halikuniuma.

Nilirudishwa kazini mgeni alipotoa lake la moyoni. Alisema Freddie alipofariki Novemba 1991, Queen wangefunga mizigo yao na kwenda nyumbani. Hawa wa baadaye, na sasa huyu kijana wa Kimarekani, Adam Lambert, wanaimba vizuri, lakini yeye hawezi. Nikawaambia wazee kwamba kwake ni sawa na mtu kuoa kabla ya arobaini ya marehemu, nao wakaelewa mara moja, na baraza likagawanyika hapo hapo. Fundi cherehani akahamia upande wa mgeni, akamshika mkono, akasema baada ya Franco hata yeye hajanunua santuri. Ami akawakatalia wote.

“Siti binti Saad kafariki mwaka 1950. Kama tungevunja ngoma siku ile, Bi Kidude tungemsikia wapi?”

Mimi nilikuwa na Ami. Nilidhani, na nadhani mpaka leo, kwamba hapo alisema neno ambalo mashabiki wa Queen duniani kote wangelitafuta bila kulipata. Ningesimama hapo. Na yeye naye angesimama hapo. Lakini mtu akishinda barazani hutaka aongeze chumvi kidogo kwenye ushindi.

“Mwambie,” akasema, “huyo Faridi mimi namjua. Tumecheza naye gololi. Rika moja.”

Nikatafsiri. Mgeni akainuka, akavua kofia, akamshika Ami mikono yote miwili. Pakapigwa picha. Ami akaendelea kwamba Faridi alikuwa hodari wa gololi lakini mdokozi, kwamba alimpokonya gololi mbili za jicho la paka, na kwamba ile sauti ya juu aliipata siku Ami alipomkanyaga kidole gumba. Mgeni alikuwa anaandika yote kwenye daftari, machozi yakimdondokea juu ya gololi.

Na yote yangekwisha kwa salama, isipokuwa mtu aliyekulia kwenye kaseti moja hujua mambo ambayo hana pa kuyapeleka. Freddie kazaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Alipokuwa na miaka 8 akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi akiwa kijana mkubwa, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Na Ami, kila ikifika Januari, hutuhadithia vile alivyokuwa ndiyo kwanza kaingia darasa la kwanza wakati wa Mapinduzi. Nikatoa. Mdomo ukanitangulia.

“Lakini Ami, mwaka aliopelekwa India, wewe ulikuwa hujazaliwa.”

Hata vikombe vilinyamaza.

“We ulikuwepo?” Ami akaniuliza, polepole.

“Mimi, Ami, nimezaliwa 1981.”

“Basi hukuwepo.”

“Lakini na wewe, Ami, huku—”

“Hukuwepo!”

Na baraza zima, pamoja na fundi cherehani ambaye siku tatu hasemi na Ami kwa sababu ya Franco, likakubaliana kwa sauti moja kwamba sikuwepo. Mgeni akaniinamia akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema sikuwepo. Akaniwekea mkono begani, akaniambia nisihuzunike: hata yeye hakuwepo Wembley tarehe 13 Julai 1985, siku ya Live Aid. Hakupata tiketi, akaangalia kwa televisheni ya jirani.

Kabla ya magharibi habari zilikwisha mfikia mama, nazo zilifika zimenenepa njiani: kwamba nimemwita Ami mwongo mbele ya Wazungu, kwa wingi. Wiki tatu nikanywa kahawa nyumbani, ambayo kwa mke wangu ni chai. Wiki ya nne nikanunua halua kilo moja, nikaenda kuomba radhi. Ami alipokea halua kwanza.

Mgeni alikuwa kamwachia ile peni 6. Ami aliijaribu usiku ule ule kwenye udi wake na ikakata uzi kwa pigo la kwanza, jambo lililompa furaha kubwa, akatembea nalo mtaa mzima. Tangu hapo sarafu inakaa mfuko wa kanzu. Nimeisikia hadithi ya gololi ikikua mbele yangu: zimekuwa mpira wa miguu, mpira ukawa masomo ya piano, na nasikia kuna safari ya ngalawa inayoandaliwa.

Juzi walikuja Waholanzi wawili, mume na mke. Mapapasi siku hizi huwaleta barazani moja kwa moja, baraza limekuwa la nne katika orodha ya nyumba. Ami akaitoa peni 6, akaiweka kwenye kiganja.

“Aliniletea Faridi mwenyewe,” akasema kwa Kiingereza ambacho sijui alijifunza lini. “Deni la gololi.”

Mwanamke akashika kifua. Mumewe akamtazama Ami, akatazama dari la mlango, na nikaona midomo yake inaanza kucheza kimya kimya, kidole kimoja, vidole viwili. Ugonjwa huo ninaujua. Ami naye aliuona.

“Muulize huyu,” akasema, akinionyesha mimi. “Alikuwepo.”

Muuza kahawa alikuwa kaliinamisha dele juu ya kikombe changu, hajamimina, ananitazama.

“Nilikuwepo,” nikasema.

Akamimina.