Shokapu za Jangwani, Safari ya Supamaketi

Hongera, mkubwa. Prado yako imefungwa Old Man Emu za Australia, springi na shokapu, seti nzima ya watu wanaokata jangwa na mapipa ya maji juu ya keria. Wewe unakata Daraja la Tanzanite na mfuko wa mkate. Fundi wa Ilala alikwambia za kawaida zinatosha: KYB ya Japani, kampuni inayoiuzia Toyota yenyewe. Ukamwona mshamba. Sasa kila tuta la Masaki unalipigia saluti, na shemeji huko nyuma ameshikilia tumbo. Springi za mzigo, gari tupu, litaacha kuruka? Uzito hubebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda, basi. Haimpandishi mtu cheo. (Wenye shokapu za Bilstein nao, ile rangi ya manjano iko uvunguni, nani anaiona?) Na zile za zamani ulizomwachia fundi hazikuwa zinavuja hata tone la oili. Kilichokuwa kinagonga mpaka ukazibadilisha ni bushi za stabilaiza. Kabadilishe hizo, mkubwa, halafu muulize fundi kama shokapu zako hajaziuza.